Nani Analipa Mtoto Akinyamaza

Namba yetu ilikuwa 64, na dirishani ndiyo kwanza walikuwa wanaita 19. Mwanangu, wa miaka miwili na miezi mitatu, alikuwa ameshamaliza kila kitu kinachoweza kumalizwa kwenye chumba cha kusubiria. Alikuwa ameshapanda benchi na kushuka mara kumi, ameshapiga kelele ndani ya ndoo ya taka ili asikie mwangwi wake, ameshavuta ushungi wa mama mmoja asiyetufahamu. Sasa alikuwa amejitupa chali sakafuni, analia kilio kile kisicho na machozi, ambacho hakiombi kitu chochote unachoweza kumpa. Watu walitutazama, kisha wakarudi kwenye simu zao.

Nilifungua mkoba. Ndani kulikuwa na simu yenye chaji asilimia 6, pakiti ya biskuti zilizokwisha kuwa ungaunga, na chupa ya dawa ya mafua. Tulikuja kwa sababu ya sikio. Mafua hakuwa nayo.

"Hiyo ya nini?" mama yangu akauliza.

Nikairudisha chupa mkobani bila kusema kitu. Lakini mama amelea watoto watano, na kabla yao wadogo zake watatu. Hakuhitaji jibu.

Kwa hiyo nilimweleza, kwa sauti ya chini, jambo ambalo sikuwa nimemweleza mtu. Desemba iliyopita nilisafiri na mtoto kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza. Rafiki yangu alinishauri: mpe kijiko kimoja cha dawa ya mafua, ile inayoleta usingizi, utanishukuru. Nikampa kabla hatujatoka stendi. Tulipita Chalinze amelala. Tukapita Morogoro amelala, Dodoma amelala. Karibu na Singida basi liliposimama abiria wachimbe dawa, yeye bado hajageuza hata shingo. Nikaweka kidole chini ya pua yake nihisi pumzi. Nikahisi. Baada ya dakika tano nikaweka tena. Nilifanya hivyo mpaka Shinyanga. Tulipokuwa tunashuka, baba mmoja aliyekaa nyuma yetu akaniambia: "Hongera dada, mtoto wako mtulivu sana."

Hongera ile ilinikaa kooni. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma, kila ninapopata muda, historia ya namna watu wazima walivyowanyamazisha watoto wadogo mbele za watu. Si historia inayofundishwa darasani. Ila ipo, na inaanza na chupa kama yangu.

*

Uingereza, tangu karne ya 18, kulikuwa na dawa ya maji iliyoitwa Godfrey's Cordial. Viungo vyake vilikuwa maji, sukari guru, viungo vya kunukia na afyuni. Iliuzwa kwenye maduka ya kawaida, pamoja na sabuni na mishumaa, na wengine walijitengenezea yao kwa kufuata kanuni ileile, kila mmoja kwa kipimo chake. Friedrich Engels, katika kitabu chake cha mwaka 1845 kuhusu hali ya wafanyakazi wa Uingereza, aliitaja dawa hii kwa jina na kueleza jinsi watoto walioinyweshwa walivyopauka, wakadhoofika, na wengi wakafa kabla ya kutimiza miaka miwili.

Ni rahisi kusoma habari hiyo na kuwahukumu wale mama. Mimi nilianza hivyo. Kisha nikasoma saa zao za kazi. Viwanda vya pamba vilianza kazi alfajiri na kufunga usiku. Mama aliyejifungua alirudi kwenye mashine baada ya wiki chache, kwa sababu asiporudi nafasi yake ilichukuliwa na mwingine. Mtoto alibaki kwa jirani mzee au kwa binti mdogo aliyelipwa senti chache kuangalia watoto kadhaa kwa pamoja, katika chumba kimoja. Watoto watano wanaolia kwa wakati mmoja hawawezi kubembelezwa na mtu mmoja. Wanaweza kulazwa. Chupa ilifanya kazi ambayo zamani ilifanywa na shangazi, bibi na majirani, watu ambao sasa nao walikuwa kiwandani. Mwaka 1868 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kudhibiti uuzaji wa sumu, afyuni ikiwemo, lakini dawa zilizokuwa na hataza ziliachwa nje ya sheria hiyo.

Marekani nayo ilikuwa na ya kwake. Mwaka 1849, katika mji wa Bangor, jimbo la Maine, ilianza kuuzwa dawa iliyoitwa Mrs. Winslow's Soothing Syrup. Ndani yake mlikuwa na mofini na kileo. Matangazo yake hayakuonyesha kiwanda wala daktari. Yalionyesha mama kijana aliyevaa vizuri, ametulia, watoto wamemzunguka. Dawa hiyo ilijulikana kiasi kwamba Edward Elgar, mtunzi wa muziki wa Uingereza, akiwa bado kijana katika miaka ya 1870, alikipa kipande chake kimoja cha muziki wa taratibu jina la dawa hiyo, kwa mzaha. Sheria ya Marekani ya mwaka 1906 iliwalazimisha watengenezaji waandike kwenye chupa kama ndani mna mofini au afyuni. Mwaka 1911 chama cha madaktari wa nchi hiyo kiliiweka dawa hii kwenye orodha ya dawa zinazoua watoto. Hata hivyo iliendelea kuuzwa kwa miaka kadhaa, baada ya mofini kuondolewa.

Ningependa kusema hadithi ya chupa iliishia hapo. Lakini Januari 2008 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilibidi iwaonye wazazi kwamba dawa za mafua na kikohozi zinazouzwa bila cheti cha daktari zisitumiwe kabisa kwa watoto wa chini ya miaka miwili, kwa sababu zinaweza kuleta madhara makubwa, hata kifo. Safari yetu ya Mwanza ilikuwa baada ya onyo hilo, na mwanangu alikuwa hajatimiza miaka miwili. Chupa yangu haikuwa na afyuni. Sababu ya kuitoa mkobani, hata hivyo, ilikuwa ileile ya Manchester: nilikuwa peke yangu, safari ilikuwa ndefu, na niliona haya mbele za watu.

*

Mama hakunigombeza. Alimwinua mjukuu wake kutoka sakafuni, akamkung'uta vumbi, akamkalisha katikati yetu. Akavua kanga ya begani, akachukua pembe moja ya pindo na kufunga fundo. Ndani ya fundo akaweka sarafu ya shilingi mia. Kwenye pembe ya pili akafunga fundo lingine, ndani yake kifuniko cha chupa. Pembe ya tatu akaweka punje ya karanga. Ya nne akafunga fundo tupu.

"Haya, mume wangu," akamwambia mtoto. "Kuna kitu humu. Kitoe."

Mtoto akanyamaza. Akaanza kuchokonoa fundo la kwanza kwa kidole kimoja, ulimi umetoka nje kwa upande. Dirishani walikuwa wanaita 27.

"Ulijifunza wapi?" nikamuuliza mama.

"Kliniki," akasema. "Unafikiri foleni imeanza na nyinyi?"

Hilo nalo ni swali la historia, na jibu lake ni kwamba foleni kama tunayoijua, ya mama na watoto wadogo kwenye benchi la serikali, ina umri unaohesabika. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wake wa chanjo mwaka 1974. Tanzania ilianza wa kwake mwaka uliofuata, 1975. Magonjwa yalikuwa sita: kifua kikuu, polio, dondakoo, kifaduro, pepopunda na surua. Ili mtoto akingwe, ilibidi aletwe si mara moja bali mara kadhaa, kwa tarehe zilizoandikwa kwenye kadi. Kadi yenyewe ina historia yake. Ile yenye mistari ya uzito inayopanda kama njia ya mlimani ilitokana na kazi ya daktari Mwingereza, David Morley, aliyoifanya katika eneo la Ilesha, Nigeria, kuanzia miaka ya 1950. Alitaka mama mwenyewe aweze kuona kwa macho kama mtoto wake anapanda au anashuka, na kadi aitunze yeye, si hospitali.

Siku ya kliniki, basi, mama kumi, ishirini, hamsini walikusanyika asubuhi mahali pamoja. Mbele yao kulikuwa na mzani wa kuning'iniza, na mtoto alivalishwa kikaptula cha kitambaa akatundikwa kwenye ndoano kama mkungu wa ndizi. Mtoto wa kwanza akilia, wote walilia. Mama zetu walikuwa wanakutana na tatizo jipya kabisa. Si kwamba watoto wa zamani hawakulia. Ila mtoto aliyelia shambani alilia mbele ya watu wachache waliomjua kwa jina, na aliyelia usiku alibembelezwa kwa nyimbo zile ambazo sisi tulikuja kuzikariri kwenye fasihi simulizi ili tufaulu mtihani. Kliniki ilimtaka mtoto akae kimya kwa saa tatu, kati ya wageni, kwa ajili ya faida ambayo yeye hawezi kuiona. Mama wale walijibu kwa walichokuwa nacho. Waliimba, kwa sababu manesi wengi walianza siku kwa somo la afya na somo likageuka wimbo wenye makofi. Walipokezana watoto. Walifunga mafundo kwenye kanga.

Nilipomwambia mama kwamba zamani ilikuwa vizuri, watu walisaidiana, aliniangalia kama mtu anayemwangalia mgeni.

"Nani alikwambia waliokuwa kwenye foleni ni mama zao?"

*

Mama alizaliwa mwaka 1966, kijijini huko Muheza. Mwaka 1976, anayempeleka mdogo wake kliniki alikuwa yeye. Bibi yangu alikuwa shambani. Mama alikuwa na miaka kumi, mtoto mgongoni, kadi kwenye mfuko wa nailoni ili isilowe, na mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Kwenye benchi alikaa na wasichana wenzake. Wengi wao walikuwa wa umri wake, kila mmoja na mdogo wake. Mafundo ya kanga ulikuwa mchezo wao wao kwa wao, kabla haujawa wa watoto.

"Na akizidi kulia?"

"Namwambia nyamaza, nesi atakuchoma sindano." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Si ndiyo maana mjomba wako mpaka leo akisikia harufu ya spiriti anatafuta mlango. Mwaka ule mguu ulipooza alikaa nao nyumbani wiki tatu. Mimi ndiye niliyemtia woga ule."

Na shule? Nilijua kwamba mama alimaliza darasa la saba akiwa mkubwa. Sikuwahi kuuliza kwa nini. Alinieleza pale kwenye benchi, akiwa anamsaidia mjukuu wake na fundo la pili. Alipofikisha umri wa kuanza darasa la kwanza, kulikuwa na mtoto mchanga nyumbani. Wakamwambia mwakani. Mwakani kulikuwa na mwingine. Kaka yake mkubwa alienda. Yeye alibaki kuwa mlezi.

Novemba 1974 mkutano wa TANU uliofanyika Musoma uliamua kwamba elimu ya msingi kwa watoto wote, ambayo ilikuwa imepangwa kufikiwa miaka mingi baadaye, ifikiwe ndani ya miaka mitatu, yaani kufikia Novemba 1977. Kule kijijini kwa mama, Azimio la Musoma lilikuja kwa sura ya balozi wa nyumba kumi mwenye daftari. Aliandika jina la kila mtoto ambaye hakuwa shuleni. Bibi alibisha: huyu akienda, nani atashika mtoto? Balozi akajibu kwamba hilo si swali la serikali. Mama alianza darasa la kwanza akiwa na miaka kumi na moja, akamaliza la saba akiwa na kumi na minane. Mwalimu wake alimwambia ana kichwa cha sekondari. Umri ulikuwa umepita.

"Mimi ndiye niliyekuwa simu ya mjomba wako," akasema.

Nimeifikiria sentensi hiyo kuliko kitu kingine chochote nilichosoma. Tunapoikumbuka zamani tunakumbuka mtoto mgongoni, ametulia, amelala. Mgongo wenyewe hatuuulizi ulikuwa wa nani na ulikuwa na umri gani. Swali la bibi lilikuwa la haki, na jibu la balozi halikulijibu. Shule iliwachukua wasichana, na ilifanya vizuri kuwachukua. Lakini hakuna aliyekaa kupanga nani achukue nafasi yao kwenye benchi. Mama alibaki peke yake na kadi, mtoto na foleni. Baadaye foleni zikaongezeka: ya kitambulisho, ya benki, ya bima, ya cheti cha kuzaliwa.

*

Wataalamu wa saikolojia nao wamelichunguza jambo hili la mtoto na kusubiri. Jaribio maarufu zaidi ni la Walter Mischel, lililofanyika mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 katika shule ya chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford. Mtoto aliwekewa pipi moja laini mezani, akaambiwa akisubiri atapata mbili. Waliofanikiwa hawakuwa wale walioikodolea macho pipi kwa ushujaa. Ni wale waliojifunika macho, walioimba, waliochezea vidole vyao. Kwa maneno mengine, walijifungia mafundo ya kanga wao wenyewe.

Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya watafiti waliolifanya jaribio kama hilo kwa watoto wa miaka minne wa jamii ya Nso, nchini Kameruni, na kuwalinganisha na wenzao wa Ujerumani. Wanso waliwekewa andazi dogo la kwao. Takriban asilimia 70 yao waliweza kusubiri. Wajerumani hawakufika asilimia 30. Watoto wa Kijerumani walihangaika, waliimba, walizunguka. Wengi wa Wanso walikaa tu, na baadhi walisinzia. Nilipoisoma mara ya kwanza nilijivuna, kama kwamba ni watoto wangu. Kisha nikakumbuka kwamba ile ni jamii ambayo mtoto analelewa na watu wengi tangu mchanga, ndugu zake wakubwa wakiwemo, na hufundishwa mapema kwamba mkubwa ndiye anayeamua. Nikajiuliza, katika kila nyumba ile, msichana wa miaka kumi yuko wapi.

Sisi wa leo tuna kioo. Simu na tableti zilipoanza kuguswa kwa kidole, mtoto ambaye hajui hata kutamka jina lake aliweza kuzitumia. Wimbo wa watoto wa papa, Baby Shark, uliotolewa na kampuni ya Pinkfong ya Korea Kusini, uliwekwa YouTube mwaka 2016. Januari 2022 ukawa video ya kwanza katika mtandao huo kutazamwa mara bilioni 10. Siwezi kujua ni mara ngapi kati ya hizo zilikuwa kwenye foleni, ila za kwangu nazijua. Aprili 2019 Shirika la Afya Duniani, lilelile lililotuleta kwenye mabenchi ya chanjo, lilishauri kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, na kadiri inavyopungua ndivyo bora.

Kioo si afyuni, na sitaki kumtisha mama yeyote aliyeko kwenye foleni sasa hivi akisoma haya huku mtoto kashika simu nyingine. Kama una kitu hicho tu, na namba yako ni 64, mpe. Ninachosema ni kwamba utulivu wa mtoto haujawahi kuwa wa bure mahali popote nilipousoma. Kule Manchester mtoto aliulipia kwa mwili wake. Muheza mama yangu aliulipia kwa sekondari yake, na mjomba kwa mguu wake. Leo unalipiwa na watangazaji, na wao hununua macho ya mtoto. Anapopongezwa mama kwa sababu mtoto wake katulia, ni vizuri kuuliza nani kalipa.

*

Dirishani walifika 41. Mwanangu alikuwa amepata sarafu, amepata kifuniko, na karanga nilikuwa nimemnyang'anya isije ikampalia. Lile fundo la nne, tupu, ndilo lililompa kazi kubwa kuliko yote. Alilifungua, akatazama ndani, hakukuta kitu, akampa bibi yake alifunge tena.

Mtoto mwingine, wa kike, wa miaka mitatu hivi, alisogea akasimama mbele yetu, kidole mdomoni. Mama yake akamwita arudi. Mama yangu akasema, "Mwache, dada, kanga ina pembe nne." Yule mama alisita, kisha akaja kukaa upande wetu wa benchi, akaweka simu yake ndani ya mkoba. Tukaanza kuzungumza. Naye alikuwa amekuja kwa ajili ya sikio.

Ilipofika 52, mwanangu alilia tena, kwa nguvu kuliko mwanzo, kwa sababu yule msichana alikuwa amechukua fundo lake. Mafundo hayakuwa muujiza. Safari hii, hata hivyo, tulikuwa watu wazima watatu, na zamu ya kusimama naye mlangoni kutazama bodaboda ilikuwa ya yule mama.

Chupa ya dawa bado ninayo. Iko kabatini, juu, mahali ambapo naiweka kwa ajili ya mafua.